Chakula Kinachokwenda na Maji

Elisabethville, 12 mwezi wa tatu 1956

Kwa mudogo wangu Fanwell,

Nakusalimu wewe na bwifi yangu Agness na watoto wote wanne, na mutoto wangu Beauty aliye wa tano. Sisi huku tuko wazima, kasoro Mutale mume wangu anakohoa vumbi la mugodi, lakini kazi haachi. Mvula imenyesha mpaka ukuta wa jikoni umefanya tumbo. Mama Chilufya wa nyumba ya pili amezaa mapacha, na sasa anatembea mu kamp ya mugodi kama mutu aliyepewa cheo. Njo habari zetu.

Naandika kwa Kiswahili kama ulivyoniomba mwezi uliopita, ingawa wewe na mimi tulinyonya Kibemba kwa titi moja. Ulisema Bwana wako, yule muzungu anayechunguza samaki, anasoma Kibemba kuliko katekista, na hutaki aone mambo ya ukoo. Sawa. Lakini nimekaa nikawaza: mutu asiye na kitu cha kuficha anaogopa nini macho ya muzungu? Nauliza tu. Kuuliza si ujinga.

Sasa neno lenyewe. Lackson, yule kapita, musimamizi wa boti ya Mugriki inayobeba samaki kutoka kwenu mpaka Kasenga, alipita hapa Jumapili. Alikula bukari yangu ya unga wa mahindi, akaisifu, kiisha akachelewa kuaga kama mutu aliye na neno. Nikamubana. Akasema alimuona Beauty ku Kashikishi, pale wanapoanika chisense, wale dagaa wa ziwa, amebeba ndoo. Akasema, "Mama Beauty, magoti ya mutoto yamekuwa makubwa kuliko mapaja."

Fanwell, mutoto niliyekupa mukononi alikuwa na mashavu. Ana miaka tisa. Nilimutuma asome Kiingereza ku misioni, si akauke pamoja na chisense. Mwezi wa kwanza nilituma kwa mukono wa Lackson huyu huyu mikebe mitatu ya maziwa ya poda, na sukari. Vilifika? Nani alifungua? Nani alikunywa? Unijibu moja moja, kama mutu aliyesimama mbele ya muhukumu.

Mimi dada yako mukubwa,
Ennie


Nchelenge, 9 mwezi wa nne 1956

Yaya Ennie, dada yangu mukubwa,

Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili. Sisi tuko wazima. Ziwa limepanda mpaka linagusa shamba la muhogo la Agness, na usiku tunasikia vyura kuliko watu. Mutoto wetu wa mwisho ameota jino. Umupe pole shemeji Mutale kwa kikohozi chake.

Beauty iko muzima. Anakwenda shule. Mikebe ilifika yote, na Agness aliifungua mbele yangu.

Kazi yangu imekuwa nzito, unisamehe nikiieleza kwa urefu, njo kitu kinachonijaa kichwani. Bwana Mapovu (tunamuita hivyo kwa sababu ya mashini yake inayotoa mapovu) amejenga sanduku la kioo refu kuliko mutumbwi wa watu wawili. Mashini inasukuma maji toka upande huu mpaka upande ule, muchana na usiku, kwa nguvu kama muto wa Luapula pale inaporuka mawe, maana anataka kujua samaki wanaishije mu maji ya mbio. Kule mwisho kuna wavu wa waya. Maji yanapita mu wavu, yanazunguka, yanarudi tena. Ndani ametia manse, wale wembamba weupe wenye mbio. Chini ametia mbowa sita, wale wenye ndevu ambao tumbo lao halibanduki ku muchanga. Unawakumbuka, mama alikuwa anawapika na nyanya.

Mulishaji ni mimi. Nasaga maini ya ng'ombe, napima ku mizani ya Bwana, natupa ndani asubuhi na jioni. Manse wamenona. Mbowa wanakonda, yaya. Vichwa vimebaki vikubwa na mugongo umekuwa kama kisu. Wawili wamekwisha kufa. Natupa chakula kile kile, kiasi kile kile, na sijui juu ya nini wanakonda.

Mambo ya Kiswahili usiyawaze sana. Ni hivyo tu.

Mudogo wako,
Fanwell


Elisabethville, 4 mwezi wa tano 1956

Fanwell,

Salamu kwa wote. Mutale ametolewa chini ya mugodi, sasa anafanya kazi ya juu mu karakana, na kikohozi kimepungua. Mapacha wa Mama Chilufya wamebatizwa. Habari zimekwisha.

Nilikuuliza mutoto, ukanijibu samaki. Mutoto wangu umemupa maneno matano, mbowa wa muzungu umewapa ukurasa. Nimesoma barua mara tatu nikimutafuta Beauty ndani yake. Iko muzima, anakwenda shule. Hata mbuzi ni muzima na anakwenda malishoni.

Unasema Agness alifungua mikebe mbele yako. Sikuuliza ilifunguliwa mbele ya nani, niliuliza nani alikunywa. Swali lile umeliruka vile mutu anaruka dimbwi, na mimi nimekuona miguu.

Simutukani Agness. Lakini ana watoto wanne wa tumbo lake, na wa tano ni wa bwifi yake aliye mbali. Asiyekuwepo na lake halipo. Nani atamuona akipunguza? Wala usiniambie Beauty hashibi kwa sababu ni mulafi. Mutoto yule nimemulea na adabu ya fwaye, kule ma-Madame wanapotufundisha wamama wa kamp: kila mutoto na sahani yake na kijiko chake, anangoja wakubwa, hanyoshi mukono, haombi nyongeza. Wageni wote waliokuja hapa walimusifu. Mutoto wa namna ile mutu anamunyimaje chakula?

Tena kuna lingine. Lackson anasema ku Nchelenge watu wanacheka: maini ya Bwana Mapovu yananunuliwa kila juma, samaki wanakonda, na mulishaji ana shavu. Sitaki kuamini. Lakini lisemwalo lipo. Sasa najua juu ya nini tunaandikiana Kiswahili. Mwanaume anayeweza kula chakula cha samaki atashindwa nini na maziwa ya mwipwa wake?

Nijibu kwa boti ya kwanza. Nikikosa jibu nitamutafuta mutu mwingine aniambie kweli, hata kama ni Bwana wako mwenyewe. Usidhani natania. Unanijua toka utoto.

Ennie


Nchelenge, 17 mwezi wa sita 1956

Yaya,

Nakusalimu. Boti ya Mugriki ilikaa Kasenga majuma mengi, mashini yake imevunjika, njo maana jibu limechelewa. Agness anakusalimu pia. Hapana, nisianze na uongo. Agness hakukusalimu. Nilimusomea barua yako, akasikiliza mpaka mwisho, kiisha akatoka nje kutwanga muhogo, akatwanga mpaka jirani wakauliza kuna karamu gani.

Ulilolisikia kwa Lackson lina mizizi. Toka mwezi wa pili Bwana ananiuliza, "Fanwell, maini yanakwenda wapi?" Njo maana alileta mizani. Mizani haikusaidia, samaki walizidi kukonda. Mwisho wa mwezi wa tano akamuweka Patson, yule wa kuchunga mitumbwi, anilinde. Patson anasimama nyuma yangu nikisaga, anasimama nikipima, anasimama nikitupa. Hata nikilamba mudomo kwa ajili ya upepo ananiangalia. Lackson akinikosa anaacha barua zako barazani ku biro, ofisi ya Bwana, na Patson anasoma Kibemba, Kiswahili hajui, na lo lote analolisoma linafika kwa Bwana kabla chai haijapoa. Nilikuficha kwa sababu niliona haya. Mutu mukubwa, baba wa watoto, kushitakiwa kwamba anakula chakula cha samaki.

Sijaonja maini yale hata kipande cha ukucha. Naapa kwa kaburi la mama yetu. Mbowa wamebaki watatu. Wakiisha wote, na kazi yangu imekwisha, na nyumba hii tunayokaa ni ya kazi.

Sasa Beauty. Ni kweli amekonda, nami nimeona. Nilidhani ni homa. Kiisha nikadhani anakukumbuka wewe. Nikamupeleka kwa dispensa, wakasema hana minyoo, hana kitu. Nimemuuliza Agness kwa ukali, ukali ambao sikuwahi kumuonyesha toka tuoane. Anasema anapika, anapakua ku sahani moja kubwa, watoto wangu watatu na Beauty wanakula, sahani inarudi imelambwa. Maziwa yako alichemsha mu sufuria moja, akayatia mu kikombe kikubwa kikapita mukono kwa mukono. Namuamini. Mimi mwenyewe nakula ku nsaka, lile banda la wanaume, kama baba alivyokula, jikoni simo. Lakini chakula nakiona kikitoka, na si kidogo.

Kama hutuamini, njoo umuchukue mutoto. Nitamuleta mwenyewe mpaka Kasenga, umupokee pale kwenye boti. Sisemi kwa hasira. Basi, nasema kwa hasira kidogo.

Fanwell


Elisabethville, 5 mwezi wa saba 1956

Fanwell,

Salamu. Baridi ni kali, bomba la kamp linatoa maji kama ya barafu.

Kumuchukua haiwezekani sasa. Karatasi za kupita mupaka ni ngumu, na nyumba ya kamp ni ndogo, na Mutale anafanya kazi zamu mbili. Karatasi ni ngumu, njo hiyo. Beauty abaki huko huko. Angalieni tu asife mikononi mwenu.

Umekubali kwamba amekonda. Hilo moja tumepatana. Chakula kikitoka kingi na mutoto akakonda, kuna mukono katikati, mimi najua hivyo tu, na wewe huwezi kunifundisha hesabu nyingine.

Bwana wako amekuambia neno lo lote siku hizi? Juu yako, au juu ya barua? Kama hakusema, basi, usimuulize.

Ennie


Nchelenge, 29 mwezi wa saba 1956

Yaya Ennie,

Salamu kutoka kwa sisi wote, na safari hii Agness amesalimu kweli, soma mpaka mwisho utaona. Ziwa limeshuka. Mutoto wa jino sasa ana manne na anauma kila kitu.

Umeuliza kama Bwana amesema neno juu ya barua. Hakusema. Sikuelewa swali lako, lakini nalijibu.

Nataka nikueleze siku moja tu. Ilikuwa Jumanne ya juma la pili la mwezi huu. Patson alikuwa nyuma yangu kama kawaida. Nikamuambia, wewe unaniangalia mimi, leo mimi nitaangalia maini. Nikatupa chakula, na badala ya kuondoka nikapiga magoti mbele ya kioo, pua imegusa. Yaya, toka mwaka jana nalisha wale samaki, na sikuwahi kuangalia nani anakula. Nilikuwa natupa, naosha mikono, nakwenda.

Niliona hivi. Maini yalipogusa maji, mbio ya maji iliyashika. Manse walikuwa wamekwisha kuyangoja pale juu, wakanyakua katikati. Yaliyobaki yakakimbia mpaka ku wavu wa waya, yakashikwa pale, yakaanza kuoza. Nilikuwa naosha wavu ule kila Jumamosi na kuona uchafu, wala sikujiuliza uchafu gani. Na chini, mbowa watatu walitoka chini ya mawe, wakainua ndevu, wakapapasa muchanga pole pole, hakuna kitu. Wakarudi chini ya mawe. Hawakupanda juu. Mbowa hapandi juu, hajui mambo ya kunyang'anyana mu mbio ya maji. Hakuna aliyeiba. Chakula chote kilifika ndani, na wao hawakula.

Nikamuomba Bwana ruhusa. Nikapika bukari ya ulezi ngumu, nikaikanda na maini, nikaibandika ku jiwe bapa na kulikausha kidogo. Kwanza nikawapa manse chao upande wa mashini, wakakusanyika kule. Kiisha nikazima mashini, muda wa mutu kuvuta kiko kimoja, nikashusha jiwe kwa kamba nyuma ya lile jiwe kubwa, pale ambapo hata mashini ikiwaka maji yanalala. Mbowa wa kwanza alikuja kabla sijaachia kamba. Alikula mpaka ndevu zake zikatulia. Bwana alisimama pembeni yangu, akatoa kalamu akaandika. Patson akakohoa.

Nilikwenda nyumbani na furaha, na njiani furaha ikaniacha. Nikafika saa ya kula. Sikwenda ku nsaka. Nikaenda nyuma ya jikoni, nikakaa chini na watoto. Agness akauliza kama ninaumwa, maana mwanaume hakai pale. Nikamuambia endelea.

Aliweka sahani kubwa, bukari na sombe ya majani ya muhogo na chisense. Mikono sita ya watoto wangu watatu wakubwa ikaingia, maana wale wanatumia yote miwili, Mungu awasamehe. Beauty aliketi na mikono ku mapaja, mugongo umenyooka, anamuangalia Agness. Anangoja. Agness alikuwa na mutoto ku titi na sufuria ya moto mukononi. Alipogeuka sahani ilikuwa imekwisha. Beauty akagusa pembeni kwa kidole kimoja, akalamba. Nikamuuliza, "Umeshiba?" Akasema, "Nimeshiba, mujomba, aksanti." Nikamuuliza tena. Akaanza kulia. Akasema, "Mama aliniambia nisimutie haya kijijini. Alisema nisinyoshe mukono mpaka niambiwe, na nikiulizwa niseme nimeshiba."

Hapa kwetu hakuna mutu anayeambiwa kula, yaya. Sahani ikikaa chini, imesema.

Agness alitupa sufuria. Alimushika mutoto akalia kuliko yeye, akasema, miezi yote hii nahesabu masahani, sikuhesabu midomo. Toka siku ile Beauty ana kibakuli chake, na Agness anakaa karibu naye mpaka kiishe. Anamufundisha pia kunyang'anya. Juzi alimupiga mutoto wangu wa pili kwa ajili ya kichwa cha samaki, na sisi wote tulifurahi isipokuwa aliyepigwa. Magoti bado ni makubwa, lakini mapaja yanayafuata.

Mimi njo niliyekosa. Ni mwipwa wangu, na sikumuangalia. Agness hakukosa, naomba umuandikie neno zuri.

Fanwell


Elisabethville, 19 mwezi wa nane 1956

Mudogo wangu Fanwell,

Leo sina salamu ndefu. Tuko wazima.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kiisha nikakaa. Ni kweli nilimuambia vile. Siku ya kumupandisha ku lori nilimushika masikio yote mawili nikamuambia: usinitie haya, wasiseme mutoto wa kamp ana njaa. Nikamuambia arudie maneno, akarudia. Mutoto wangu ametii miezi minane. Hakuna mutu aliyemunyima chakula isipokuwa mimi.

Umuambie Agness nimepiga magoti. Simuandikii neno zuri kwa sababu sina neno linalotosha, lakini umuambie magoti.

Na kuna jambo nililolificha, nalo nalisema kwa aibu yote. Karatasi za mupaka si ngumu. Mutale hamutaki. Alisema mwaka jana wakati wa kunioa kwamba hatalisha mutoto wa mwanaume mwingine, nami nilikubali, nikasema Beauty anakwenda kusoma Kiingereza. Nilimutoa mu nyumba yangu mimi mwenyewe, kiisha nikakaa huku nikitafuta nani anamutesa. Kila usiku nilikuwa namuona mukono wa Agness mu sufuria. Nilitaka uwe mukono wake, Fanwell. Kama ni wake basi si wangu.

Sasa sikiliza, hili njo kubwa. Nilingoja jibu la barua yangu ya mwezi wa tano, halikuja. Sikujua mambo ya boti. Nilidhani umenyamaza kwa sababu umeshikwa. Tarehe kumi ya mwezi wa sita nilikwenda kwa karani mumoja Mnyasa anayejua Kiingereza, nikamuandikisha barua kwa Bwana wako. Nilisema ndugu yangu anamunyima mutoto chakula na kukila, na kama anakula cha mutoto basi cha samaki pia anakula, wala Bwana asishangae. Nilitia jina langu. Ilikwenda kwa posta, si kwa boti. Jibu lako lilipofika baadaye niliona haya kukuambia, nikaomba tu ipotee njiani. Pengine karani aliandika vibaya jina la mahali, Mungu amubariki kama alikosea.

Lakini kama bado haijafika, wewe njo unayepokea mufuko wa posta ku lori, uliniambia mwaka jana. Iangalie. Bahasha ya kahawia, stampu ya Kongo. Ukiiona ichukue uitie mu moto. Nakuomba kama dada, na sijakuomba kitu toka tuzaliwe, nimekuamuru tu.

Ennie


Nchelenge, 10 mwezi wa tisa 1956

Yaya Ennie,

Tuko wazima. Upepo wa joto umeanza, na watu wanachoma mashamba mpaka jua linakuwa jekundu toka saa tisa.

Barua zako mbili zilifika siku moja. Lackson alinipa yako asubuhi bandarini, nikaisoma pale pale juu ya vikapu vya samaki. Muchana lori likaleta mufuko. Niliufungua barazani nikapanga, kama kila juma. Bahasha ya kahawia ilikuwa ya tatu. Ilikuwa imezunguka boma mbili kwanza, imejaa mihuri na misalaba ya wino. Karani wako alikosea kweli, lakini hakukosea vya kutosha.

Nilikuwa peke yangu. Patson alikwenda kuoga. Niliitia ndani ya shati nikaenda jikoni kwa Bwana, jiko linawaka, mupishi hayuko. Nilisimama pale. Yaya, miezi saba nimemuambia muzungu yule kwamba sijachukua kitu mu nyumba yake kisichokuwa changu. Bahasha ilikuwa na jina lake juu. Nikiichoma, hiyo ingekuwa mara yangu ya kwanza kuiba kwake. Nilirudi nikaiweka mezani, juu ya nyingine zote, nikaenda kulisha mbowa.

Aliniita baada ya chai. Hakufoka, ningependa afoke. Akauliza, "Huyu Ennie ni dada yako wa tumbo moja?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Ni kweli aliyoandika?" Nikamujibu, "Bwana, mutoto alikuwa na njaa mu nyumba yangu, hilo ni kweli na sitalikataa. Kuiba sikuiba, wala chake wala chako." Nikamueleza habari ya sahani, kama nilivyokueleza wewe. Akasikiliza akiangalia kalamu yake. Kiisha akauliza mbowa wamenona toka lini. Nikasema, toka niweke chakula nyuma ya jiwe. Akasema, "Toka Patson akulinde pia." Akasema tena, "Nilikuwa nimeanza kuliamini jiwe lako, Fanwell. Lakini mutu wa damu yako anakujua kuliko mimi."

Kazi imekwisha. Tunatoka mu nyumba Jumamosi. Tunakwenda Mununga, kaka yake Agness ana nyavu na mutumbwi unaohitaji mutu wa pili. Nilimuonyesha Patson namna ya kukanda maini na ulezi, akacheka, akasema samaki hawahitaji mupishi. Jana nilipita nikaangalia ku dirisha. Anatupa toka juu.

Usitume mutu kumuchukua Beauty. Nilimuambia Agness kila kitu, na habari ya Mutale pia, sikuweza kubaki nayo peke yangu. Nilidhani atasema mutoto huyu ametutoa mu kazi na mu nyumba. Alikuwa anafunga masufuria. Akasema, "Huyu haendi po pote. Nimeanza kumulisha juzi tu." Habari ya magoti yako nilimupa pia. Aliendelea kufunga masufuria, na mimi sikumubana.

Nimekukasirikia, yaya. Sitaki kuficha kitu tena, kwa hiyo naandika. Nakukasirikia nikiamka na nikilala, na sijui itaisha lini. Lakini mvula zikianza, njoo Mununga. Usingoje hasira yangu iishe, njoo ikiwa bado ipo. Utakula nyuma ya jikoni na Agness na watoto, na mimi nitaacha wanaume nikae nanyi, niangalie kama na wewe unakula.

Fanwell